Swali la Saba Lililomwagiwa Maji

Nilimaliza darasa la saba na mkaguzi aliusifu mwandiko wangu mbele ya shule nzima, kwa hiyo msishangae kwamba aliyeinusuru ofisi ya utafiti ni mfagizi wake. Nilikuwa na miaka hamsini na miwili. Daktari wetu, mama mwembamba mwenye miwani ya kamba, alikuwa anachunguza afya ya wanawake wa umri ule ambao hedhi hukatika. Alitakiwa apate wanawake mia ifikapo Ijumaa, la sivyo wakubwa wake wanafunga ofisi. Jumatatu alikuwa nao tisa.

Jumanne asubuhi nesi wake, aliyetumwa kuuliza maswali nyumba kwa nyumba, akarudi amelowa chapachapa.

"Nimemwagiwa maji ya vyombo, daktari! Nilifika swali la saba tu."

Nikaweka fagio chini, nikalisoma hilo swali la saba: *Je, umekoma?*

"Mwanangu," nikamwambia, "unapiga hodi kwa mtu mzima, unamuuliza kama amekoma? Kakukosea nini?"

Daktari akashika kichwa. "Lakini kitabuni ni kukoma hedhi!"

"Sasa hedhi iko wapi hapo? Nipeni karatasi."

Sikutaka ofisi ile ifungwe, na nina sababu. Miaka miwili joto lilikuwa linanipanda kifuani bila taarifa, natiririka jasho kama nimekimbizwa. Baba watoto akatoboa dirisha la pili, kisha la tatu. Nyumba ikawa kama banda la kuku, joto palepale. Nikajua nachanganyikiwa, nikanyamaza. Hadi siku moja nafuta meza ya daktari nikalikuta joto langu limeandikwa, swali la tisa, tena kwa mashine! Kumbe tuko wengi.

Nikaanza na wifi yangu, kwa kuwa ulimi wake ukishindwa kunikata, hakuna mwingine atakayeniweza. Nikavaa miwani, nikauliza swali nililolitunga mwenyewe:

"Wifi, siku zako zimekwisha?"

Akaruka kitini. "Jamani! Ananitangazia kifo sebuleni kwangu! Zako ndizo zimekwisha!"

"Ndiyo, zangu zimekwisha, tangu mwaka juzi."

Akanitazama, akaitazama karatasi, akacheka mpaka kilemba kikadondoka.

"Kumbe hizo! Si uulize tu kama bado natumia vitambaa?"

"Haya, bado unatumia?"

"Nilishaviacha. Sasa ni joto tu, wifi. Nafungua friji, naingiza kichwa. Mume wangu anadhani nadokoa nyama."

Miaka thelathini ya kurushiana maneno, na hilo hatukuwahi kuambiana.

Tukazunguka mitaa yote, yeye anapiga hodi, mimi naandika, tukiuliza habari za vitambaa. Ijumaa adhuhuri daktari akahesabu: tisini na tisa. Akahesabu tena.

"Kapungua mmoja!"

"Daktari, una macho?" wifi akamwambia. "Huyu anayechuruzika jasho mbele yako ni bomba?"

Nikakalishwa kwenye kiti cha wageni. Nesi akauliza, nami nikajibu kwa sentensi kamili. Swali la tisa: joto lilianza lini, na likoje? Wameacha mistari miwili ya jibu. Miwili! Nikamwambia nesi ageuze karatasi aandike nyuma, na nyuma ikijaa alete nyingine.