Maziwa ya Karuba, Ng'ombe Hakuna

Nilikuwa sekretere wa groupement yetu, yaani vijiji kadhaa vya vilima vya Masisi vilivyo chini ya chefu mmoja, barua ilipofika kutoka juu serikalini ikitaka ripoti yenye sehemu tatu: utawala, historia na uchumi. Chefu alinikabidhi kazi hiyo kwa kuwa niliwahi kufundisha shule ya msingi na mwandiko wangu unasomeka.

Utawala niliumaliza asubuhi moja. Niliandika chefu, chini yake wakuu wa vijiji, chini yao raia. Chefu alinirudishia karatasi akitaka neno "chefu" liwe na herufi kubwa zaidi.

Historia ilinilia siku nne. Nyumba mbili za ukoo mmoja zilishindana, kila moja ikidai babu yake ndiye aliyelima shamba la kwanza. Hawa walisema babu wa wale alichelewa njiani akichoma mahindi. Wale walikubali habari ya mahindi, ila wakasema aliyechoma alikuwa babu wa hawa. Niliandika kwamba walifika siku moja, wote wameshiba, na pande zote mbili zikaridhika.

Uchumi ndio ulionitoa jasho. Nilipanda hadi kijiji cha Karuba na daftari langu kuhesabu mifugo. Katika nyumba ya kwanza mama mmoja alinikaribisha kwa kikombe kikubwa cha maziwa ya mgando. Nilipomaliza kunywa nikamwuliza ana ng'ombe wangapi.

"Mama sekretere, huku kwetu ng'ombe haiko," alisema kwa upole.

Wakati huo ndama alikuwa amesimama nyuma yangu akinilamba kitenge. Nilimwonyesha.

"Ule iko mugeni," akasema, akaniongezea maziwa.

Sikumlaumu. Wezi wamepita mara nyingi katika vilima hivi, kodi pia, na karatasi ya kuhesabu ng'ombe haijawahi kumletea mtu nyasi. Nyumba ya pili nilipewa jibini, ng'ombe hakuna. Ya tatu maziwa, ng'ombe hakuna. Kufikia jioni tumbo langu lilikuwa linanguruma kama lori kwenye mlima wa Mushaki, na daftari lilikuwa na sifuri tupu.

Nyumba ya mwisho ilikuwa ya chefu mwenyewe. Nilifarijika, nikijua yeye angalau hatanificha. Aliangalia malisho yake, yaliyojaa migongo myeusi na myekundu, kisha akaniangalia mimi.

"Andika haiko," alisema.

Basi nikaandika: maziwa na jibini kwa wingi, ng'ombe, hakuna. Niliituma ripoti nikiwa na aibu, maana niliwahi kuwachapa wanafunzi kwa hesabu iliyo afadhali.

Wiki chache baadaye afisa wa serikali alikuja kwa pikipiki, ripoti mkononi. Akauliza mbele ya chefu maziwa haya yanatoka wapi. Chefu alianza kukohoa. Nikaona heri niseme ukweli: kila mtu alikana, nami niliandika nilichoambiwa.

Afisa akasema mama yake kijijini naye hana ng'ombe hata mmoja, na kila Jumapili humtumia mwanawe kidumu cha maziwa. Akaniomba kalamu, akafuta "hakuna", akaandika "hawakuonekana", akapiga muhuri.