Ndoo Iliyoitwa Sample

Nimefundisha Kiingereza miaka mingi hapa Tabora, na sikuwahi kugombana na neno mpaka siku shangazi yangu alipokuja na treni kutoka Igalula, akaniwekea kikaratasi mezani. Kiliandikwa: "Sample, 20 L."

"Nisomee, mwanangu. Yule mnunuzi wa asali aliniambia ni neno tu la ofisini."

Nilimweleza kama ninavyowaeleza wanafunzi, polepole. Sample ni kidogo kinachokatwa ili kitoe habari za kingi. Nesi anapotaka kupima damu yako, anachukua kidogo kwenye kichupa. Fundi akikuonyesha vitambaa, anakuonyesha vipande vya upana wa kiganja.

"Basi ni kionjo," akasema.

"Ni kionjo."

Msimu ule mizinga yake ya nyuki ilimpa ndoo mbili za asali. Moja alishaiuza. Ya pili ilikuwa ya kununulia bati, maana paa la chumba anacholala linavuja na mvua zilikuwa zinakaribia. Hiyo ndiyo mnunuzi aliyoichukua bila kulipa, akaiandika sample.

Kwetu, anayefika penye asali haondoki bila kuonja, na kumdai aliyeonja ni aibu ambayo ukoo mzima utaibeba. Mnunuzi yule aliijua desturi hiyo vizuri. Alijua kwamba ndoo ikishaitwa kionjo, mama wa Igalula atajing'ata ulimi. Hilo ndilo lililonichemsha. Hasira ile sijaimaliza hata leo.

Tulimfuata kwenye stoo yake, mtaa wa Mtendeni. Akamwamkia shangazi kwa adabu zote, shikamoo bibi, akatuvutia benchi.

"Tumefuata ndoo," nikasema.

"Mwalimu, ile ni sampuli. Wewe msomi, unaelewa."

"Naelewa. Ndiyo maana nimekuja. Lita ishirini unapima nini? Unataka kumjua kila nyuki kwa jina?"

Wapakiaji wawili mlangoni wakacheka. Yeye hakucheka. Akamgeukia shangazi, sauti laini. "Bibi, tangu lini Mnyamwezi akadai kionjo?"

Nilitaka kujibu. Shangazi akanigusa goti.

"Kionjo ulilamba kwa kidole, nakuangalia," akamwambia. "Ukarudia, nikakuongeza. Hicho sikudai. Hii umeifunga nyuma ya pikipiki."

Mnunuzi aliingia ndani, akarudi na ndoo, akaitua sakafuni. Shangazi alifungua kifuniko. Ilikuwa nusu.

"Nyingine imekwenda maabara," akasema mnunuzi.

Niliinuka, na maneno niliyomwambia siyaandiki hapa, kwa sababu wanafunzi wangu watasoma. Shangazi hakupandisha sauti. Alikuwa anatazama ndani ya stoo, nyuma ya mgongo wa yule bwana, ambako ndoo zilipangwa ukutani, kila moja na jina la mwenyewe kwa kalamu ya wino mzito. Watu wa Igalula. Wengine majirani zake kabisa.

"Hizo nazo ni vionjo?" akauliza.

Mnunuzi akaanza kuuvuta mlango.

"Mwanangu, andika majina, wenyewe wajue," shangazi akaniambia, akaweka mguu wake kizingitini.

Daftari sikubeba. Niliandika kwenye kiganja, herufi zikinipinda kwa hasira, na kiganja kilipojaa nikapandisha mkono wa shati, nikaendelea.