Nahodha Aliyetujia Kwenye Mafuriko ya Habaswein

Ukitaka kucheka, cheka sasa umalize, halafu unisikilize. Nilipolisimulia jambo hili mara ya kwanza, pale hotelini Garissa, wanaume walicheka mpaka wakamwaga chai. Mimi sikucheka, na sicheki hata leo. Dada yangu yuko kaburini, na aliyemnyima njia nilimwona kwa macho haya mawili, mchana, nikiwa na akili zangu timamu.

Ulikuwa mwaka wa tisini na saba, mwaka wa mafuriko. Kama hukuwa kaskazini wakati ule, sijui nikuelezeje. Nchi ambayo mtu hutembea kutwa nzima akitafuta kisima iligeuka maji matupu mpaka macho yanapokoma.

Tulikuwa tumetoka Griftu na lori la mbuzi. Dereva alikuwa Musyoka, Mkamba wa Mwingi aliyeizoea njia ile kuliko wengi wetu. Nilikuwa na abti yangu, mjomba Abdullahi, mzee wa watu, mpole, na dada yangu Sahra aliyekuwa na mimba kubwa. Miguu yake ilikuwa imevimba, na kichwa kilimuuma hata hakuweza kufumbua macho vizuri. Kule zahanati walituambia tumfikishe hospitali kubwa ya Garissa bila kuchelewa. Ndiyo sababu tulisafiri katika mvua ile. Si biashara. Mbuzi tungewauza hata mwezi uliofuata.

Tulipoipita Habaswein maji yakatuzingira. Musyoka alilipandisha lori kwenye kilima cha mchanga, na kulipokucha tukajikuta kisiwani. Sisi, watu wa ngamia, kisiwani. Tulichemsha maji yale ya mafuriko tukanywa. Yalikuwa na tope, lakini yalikuwa maji. Sahra alilala chini ya turubai, na mimi nikakaa nikiangalia huku na huku, nikingoja mtu yeyote mwenye chombo.

Alasiri moja chombo kikaja.

Ilikuwa mashua ndefu ya mbao, imepakwa rangi nyeupe. Wapiga makasia walikuwa wametupa mgongo, na niamini, hawakugeuza nyuso zao hata mara moja. Aliyesimama mbele alikuwa mzungu mzee, mrefu, amevaa koti zito la buluu lenye vifungo vya shaba, na soksi nyeupe mpaka magotini. Katika joto lile! Musyoka akasema, "Ni wale wa msaada hao. Mungu ametukumbuka." Nami nikamwamini, kwa sababu wazungu wa msaada wana mavazi ya kila namna, na mtu mwenye shida haulizi koti.

Nilikimbia mpaka majini. Nikamwambia, "Tuna mgonjwa. Mama mjamzito. Mpelekeni Garissa, sisi tutabaki."

Akaniangalia kama mtu anayeangalia mti. Akasema, "Mashua yangu ndogo iko wapi?"

Alisema kwa Kisomali, Kisomali safi cha Wajir. Musyoka mpaka leo anaapa kwamba yeye alisikia Kikamba, tena kile cha zamani cha bibi yake. Na midomo ya yule mzungu ilikuwa inachelewa. Neno linafika kwanza, mdomo unafuata.

"Hatuna mashua," nikasema. "Tungekuwa na mashua tungekuwa hapa?"

"Watu wa visiwani huiba," akasema. "Niliwagundua mimi. Walinipokea kwa heshima, wakanipa nguruwe na matunda, halafu usiku wakaiba mashua yangu. Nilishuka ufukweni kumchukua mfalme wao nikae naye melini mpaka wairudishe. Wakaniua pale pale kwenye maji ya magoti. Sehemu ya mifupa yangu wanayo mpaka sasa."

Alisema "wakaniua" kama mimi ninavyosema "wakaninyima chai". Nywele zikanisimama. Lakini nikuambie kweli, hofu haikukaa. Hasira iliisukuma nje. Nyuma yangu Sahra alikuwa analia, "Walaalo, ndugu yangu, kichwa, kichwa," na huyu mtu aliyekwisha kufa amesimama hapa anadai mali.

Abti akaja polepole, akiegemea fimbo yake. Alimsalimu. Nilitaka kumzuia asimsalimu, lakini ndivyo alivyokuwa. Akamwambia, "Mgeni, pole kwa yaliyokupata. Lakini ulimshika mzee wa watu nyumbani kwake. Ulitaka wafanye nini?"

Mzungu alishuka mashuani. Alimshika abti kifundo cha mkono akaanza kumvuta kuelekea mashuani. "Huyu ndiye mkubwa wao," akawaambia wale waliotupa mgongo. "Atakaa nasi mpaka watoe mashua."

Unanielewa? Tulikuwa na mbuzi, turubai na mgonjwa, naye alitaka kutunyang'anya na mzee.

Musyoka alimkamata abti kiunoni. Mimi nilikuwa nimeokota spana ya magurudumu, sijui saa ngapi. Mzungu akanigeuzia mgongo, taratibu kabisa, akainamisha kichwa. Hapo nikaona kisogo chake. Kilikuwa na tundu, na ndani ya tundu lile maji yalikuwa yanatoka, hayakomi, yanashuka kwenye koti. Yalinuka samaki.

Nikainua spana.

"Usimpige," abti akasema. Sauti yake ilikuwa ya chini, kama tunaongea msikitini. "Humwoni amekuinamia? Hilo ndilo analotaka. Ukimpiga ataondoka hapa na haki ya kutudai."

Nikasimama hivyo hivyo, mkono juu. Abti akaketi chini kwenye tope, uzito wake wote, akaanza kusoma Ayatul Kursi. Musyoka, Mkristo wa watu, akaketi pembeni yake bila kumwachia. Yule mtu alivuta, akavuta, halafu akamwachia. Alinitazama mimi kwa chuki ambayo sijawahi kuiona kwa aliye hai. Akachovya mkono wake majini, akapanda mashua, nayo ikaondoka bila kuacha hata kiwimbi.

Musyoka alichota kikombe ampe Sahra, akaonja kwanza. Akatema. Maji yote yaliyotuzunguka yalikuwa ya chumvi, chumvi kali. Mbuzi walikunywa wakaanza kuanguka mmoja mmoja. Tulizungukwa na maji, na ulimi wa dada yangu ukakauka mdomoni. Alijifungua chini ya lile turubai mtoto wa kike, mzima, na kabla ya helikopta kutuona Sahra alikuwa ameshatutoka.

Kifundo cha abti kilibaki na gamba jeupe, ukiligusa linakwaruza, na alizikwa nalo. Kile kilima hakioti nyasi mpaka leo. Wachungaji hupeleka ngamia walambe chumvi pale, wananiambia ni neema. Nimegombana nao mpaka nimechoka. Mkono wangu ulioinua spana bado unaniwasha. Abti alisema kweli, najua, lakini kuna asubuhi naamka nikijuta kwamba nilimsikiliza.

Wewe uliyenisikia mpaka hapa, shika hili. Maji yatarudi, hayana miadi. Ukizingirwa, na chombo kikaja, usikitazame chombo. Msikilize mwenye chombo anaanza na lipi. Akiuliza nani mgonjwa, mpe mkono apande. Akianza na chake kilichopotea, mshike mzee wako, mkae chini pamoja, na usimjibu kitu.