Kupatana Bei na Kithitu

Nilipokuwa nasomea uzamili wa sheria na maendeleo ya kimataifa, nilikwenda Zombe kuhoji watu ambao mashamba yao yangefunikwa na bwawa. Wengi walinikwepa. Akabaki Susu mmoja, bibi kizee mwenye shamba kando ya mto. Bila yeye, tasnifu yangu haikuwa na sura ya nne.

"Kwa karatasi yako ya kukubali kuhojiwa nitaweka kidole," akaniambia. "Na wewe utaweka nini?"

Akamwita shemeji yake. Mzee akaja na kitu kilichofungwa kwa ngozi ya mbuzi, akakitua chini karibu na ghala. Kithitu. Darasani niliwahi kukieleza kiapo hicho cha Wakamba kwa slaidi safi: ukiapa uongo, kinakula wewe na watu wako. Nilisifiwa sana. Lakini slaidi haikuwa na harufu.

Mzee akanipa fimbo. "Gonga, useme: mimi silishwi na wenye bwawa."

Mfuko uliogharamia bwawa ndio uliokuwa ukinilipia karo. Nikahesabu watu wangu: mama, kule Kasikeu. Nikahesabu tena. Bado ni mama tu.

"Mimi nimeokoka," nikajaribu. "Kanisa letu halikubali."

"Hata mimi nimeokoka," Susu akasema. "Gonga."

Nimelelewa sokoni, bei ambayo haipungui sijaiona. "Mzee, tupunguze maneno kidogo. Niseme sijatumwa na wao."

"Na kulishwa?"

"Hiyo tuiache."

"Mwiitu wakwa, binti yangu," Susu akacheka, "hii si sukuma wiki ya jioni."

Mzee hakucheka. Alikuwa amesogea nyuma, kama mtu anayepisha gari. Nikaiweka fimbo chini polepole, isije ikagusa ile ngozi.

"Karo yangu wanalipa wao," nikasema.

Susu akakificha kidole chake ndani ya leso. "Basi nenda. Siku utakula chako, urudi tuongee."

Nikatoka bila sura ya nne. Barabarani nikampigia mama. Simu ikaita mpaka ikakatika. Nikakaa kwenye jiwe, nikajiambia sikugonga, sikugonga. Nikapiga tena.

"Unataka nini saa hii na niko na wateja?" akafoka.

Nikamwacha agombe mpaka salio likaisha.