Uyoga wa Gogo Lisilo na Jina

Mwanangu, nikiona gogo lililoloa mvua, siku moja ya ujana wangu hunirudia yote. Shule nilikuwa nimeiacha darasa la nne, nazurura kutoka Korogwe hadi Handeni, nikitaka kujua kila kitu. Ulikuwa wakati wa kuhamia vijiji vya ujamaa. Nilifika upande wa Mazingara nikakuta watu ndio kwanza wamehamia, na mahindi ya shamba jipya hayajatoa hata mbelewele.

Alinipokea Bibi Mwanahamisi, Mzigua aliyelea wajukuu wawili, Hamisi na Zaina. Walikuwa wakishindia uji mwepesi. Zaina, yule mdogo, alikuwa ameacha kulia, na kimya chake kilinitisha.

Bibi alipokwenda shambani, nikapekua lundo la miti iliyong'olewa kusafisha kiwanja cha kijiji. Kwenye gogo moja lililooza palikuwa na uyoga wa kahawia, umekunjamana kama masikio, unateleza kama mlenda. Korogwe ya Zamani, karibu na mto, niliwahi kula wa namna ile kwa vibarua wa mkonge. Nikajaza shati, nikauchemsha kwa chumvi. Watoto wakaizunguka sufuria.

Bibi akaingia, akafunua.

"Gogo la mti gani?"

"Bibi, limeoza, halina hata ganda. Nitajuaje? Uyoga ni uleule."

"Wewe mtoto wa mkonge, unajua miti au unajua kamba tu?"

Kwao, mwanangu, uyoga wa gogo hauliwi mpaka mti wake utajwe. Ipo miti yenye utomvu mbaya, na uyoga hula kile ulichootea. Tena aliyechuma ndiye huonja kwanza, mbele ya wote. Bibi akapakua bakuli, akalisukuma kwangu.

"Kula."

Nikainua kijiko. Hapo ndipo nilipokumbuka kwamba katika lundo lile niliona pia vigogo vya mnyaa, ule ambao utomvu wake hupofusha macho. Kijiko kikasimama mdomoni. Zaina alikuwa ananitazama.

"Mbona husemi bismillahi?" Bibi akauliza.

Nikakirudisha. Akaibeba sufuria, akaimwaga yote nje. Hamisi akapiga yowe.

"Lia tu, mume wangu," akamwambia. "Nataka na kesho nikusikie."

Kisha akanigeukia. "Wewe uliogopa kuula, ukataka hawa waule? Chukua kikapu."

Tukashika njia ya mji wake wa zamani. Mgambo akatuzuia.

"Bibi, huko kumehamwa. Hakuna kurudi."

"Nimehama mimi, baba. Gogo langu la msufi limebaki. Au ulitaka nije nalo kichwani?"

Mgambo akakitazama kikapu kitupu, akageuza uso. "Jua lisizame mkiwa huko."

Gogo lilikuwa limeota uyoga uleule. Bibi alilishika kama mtu anayemsalimu jamaa. "Msufi huu aliukata marehemu mume wangu. Chuma."

Tuliporudi na kupika, sikungoja kuambiwa. Nilikula mpaka chini ya bakuli, watoto wananitumbulia macho, Bibi amewazuia kwa mikono. Tukangoja. Muda ule ulikuwa mrefu, nami kila tumbo liliponguruma nilimwona Bibi akinitazama upya. Mwishowe akasema, "Haya." Zaina akala polepole. Alipomaliza akaangua kilio, anataka kuongezwa. Sijasikia tena kilio kitamu kama kile.

Nimezunguka kwingi tangu hapo, na bado napenda kuonja kila kitu. Sikukatazi udadisi, mwanangu. Ila unapowapelekea watu chakula, au dawa, au hata habari, uliza kwanza imeota juu ya nini. Kama hujui, sema hujui, hata kama wenye njaa wamekukodolea macho. Na mkono wako ukisita kukipeleka mdomoni mwako, usikipeleke kwa mtoto wa mwenzio.

Mungu akujaalie kila unacholeta nyumbani uweze kukila wa kwanza bila hofu, na wanao wasilie ila kwa kutaka kuongezwa.