Saa Mbili Hewani kwa Ngamia Mmoja

Saa mbili hewani zilikuwa ngamia mmoja. Hesabu hiyo niliifanya mwenyewe nyuma ya daftari la shule, mwaka uliofuata uhuru, na mpaka leo sijapata mtu wa kuniambia kwamba nilikosea kugawanya.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa, kijana wa Garissa mwenye kalamu mfukoni na shati lililopigwa pasi, na kazi yangu ilikuwa kwenye uwanja wa ndege. Uwanja ni neno kubwa. Palikuwa na kipande kirefu cha ardhi kilichofyekwa, mlingoti wenye mfuko wa kitambaa wa kuonyesha upepo, kibanda cha mabati na mapipa ya petroli. Ndege ndogo ikitua nilifukuza mbuzi, nikaviringisha pipa, nikapiga pampu ya mkono huku nikiichuja petroli kwa kipande cha ngozi laini, maana maji kidogo tu huweza kuizima injini ikiwa juu. Kisha niliandika galoni kitabuni na rubani akatia sahihi. Nilijiona mtu. Wenzangu niliosoma nao walikuwa wanachunga, na mimi nilinuka petroli kwa fahari kama wengine wanavyonuka uturi.

Rubani aliyeleta barua na mishahara ya maofisa alikuwa Mzungu mwenye pua iliyobabuka jua, mtu wa maneno machache na sigara nyingi. Siku moja, nikiwa juu ya bawa na mpira wa petroli, akaniambia kwamba shule ya urubani kule Nairobi sasa ilikuwa inachukua Waafrika, na kwamba kijana anayechuja petroli kwa makini kama mimi angeweza kujaribu. Nilimuuliza bei. Shilingi mia kwa kila saa ya kuruka, akasema, na cheti cha kwanza ni saa arobaini.

"Ukishapata hicho, shirika la ndege likikupenda litakulipia masomo yaliyobaki," akasema. "Lisipokupenda, umenunua karatasi."

Ngamia jike mzuri sokoni kwetu alikuwa shilingi mia mbili. Kwa hiyo cheti kilikuwa ngamia ishirini.

Wiki hiyohiyo akanipandisha. Dakika ishirini tu, kuzunguka mji. Niliuona mto Tana ukijipinda, rangi ya chai ya maziwa, nikaziona nyumba za mtaa wetu wa Galbet zikiwa ndogo hata nikaona aibu kwa niaba yao. Mbele kidogo, kwenye vichaka, niliona ngamia wa baba yangu. Niliwahesabu. Arobaini na watatu, hakukosekana hata mmoja, na kivuli cha kila mmoja kando yake. Halafu rubani akainamisha bawa ili nione vizuri zaidi, dunia yote ikaegemea upande mmoja, na mimi nikavua kofia aliyonishonea mama nikatapika ndani yake. Nilitapika mpaka tukatua. Rubani alicheka, akanipa maji. Nilikwenda mtoni, nikaisuuza ile kofia nikiangalia nyuma kama mwizi, na sikumwambia mtu.

Nyumbani nilisimulia mto, nyumba na ngamia. Kofia sikuitaja.

Baba alikuwa mtu wa kusikiliza mpaka mwisho. Hakujua kusoma, na Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni. Kwetu tulisema Kisomali, baba nikimwita aabo, na hapa ninayaandika maneno yake kwa lugha ninayoandikia.

"Uliwahesabu wote?" akauliza.

"Wote."

"Na wao walikuona?"

"Ngamia hatazami juu, aabo."

Siku ya nne baba akaja uwanjani, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akasimama kivulini mwa kibanda na fimbo yake mabegani.

"Aabo," akaniita, maana kwetu baba humwita mwanawe kwa jina lilelile analoitwa yeye. "Uza ngamia wako. Nenda ukasome hiyo ndege."

Hapa lazima nieleze, maana bila hili mengine hayana maana. Mtoto wa kiume akizaliwa kwetu, baba humpa ndama jike. Kitovu cha mtoto hufungwa mkiani mwa ndama huyo, na kuanzia siku hiyo ni wake, yeye na atakaowazaa na watakaozaliwa na hao. Wanachungwa pamoja na wa baba, familia nzima inakunywa maziwa yao, lakini hakuna wa kuwauza ila mwenye kitovu. Hata baba hawezi. Wangu alikuwa bado hai, ajuza mweupe mwenye kengele ya mti shingoni, na kizazi chake kilifika kumi na saba. Watatu waliopungua baba alisema angetoa yeye.

Nilimuuliza kwa nini. Nilitegemea aseme mshahara. Alionyesha angani kwa kidevu. Vita vilikuwa vimeanza. Msituni walikuwako wenye bunduki waliotaka eneo letu liunganishwe na Somalia, serikali iliwaita shifta, na kila aliyevaa kikoi na kuchunga ngamia alikuwa shifta mpaka athibitishe vinginevyo. Ndege zilikuwa zimeanza kupita mara kwa mara.

"Aliye juu anamwona ngamia," baba akasema. "Ngamia hamwoni. Nataka mmoja wetu awe juu."

Nilicheka. Mungu anisamehe, nilimcheka baba yangu. Nilidhani ni maneno ya mchungaji anayeogopa mashine. Nikamwambia tulivyofundishwa shuleni, kwamba mali bila daftari hupotea bila habari, kwa hiyo anipe muda nipige hesabu.

Nikapiga. Alasiri tatu mfululizo nilikaa juu ya pipa tupu na penseli. Nilikwishamuuliza rubani mshahara: rubani mchanga wa shirika la ndege alipata shilingi mia nane kwa mwezi. Ngamia wanne. Yaani nikipata kazi, ningerudisha wote ishirini katika miezi mitano, na mwezi wa sita ningekuwa tajiri. Nililitazama jibu hilo, nikaikumbuka ile kofia.

Basi nikaanza kutafuta kwa nini nisingepata kazi. Nikaandika: macho, huenda daktari akayakataa. Kodi ya chumba Nairobi, chakula, nguo za baridi. Kibali cha kutoka mkoani, ambacho Msomali wakati huo alikiomba kama anayeomba mvua. Shirika linapenda Wazungu, na likiacha Wazungu litapenda wa bara wenye wajomba ofisini. Kila hoja ilikuwa na ukweli ndani yake, na ndiyo maana niliziamini. Upande wa pili wa ukurasa nikaandika ngamia. Jike huzaa kila baada ya miaka miwili, nusu ni majike, nao watazaa. Baada ya miaka kumi, wale ishirini wangekuwa wamepita sitini, na maziwa juu yake.

Ngamia wangu wa daftarini hawakufa. Sikuwaandikia ukame, wala ugonjwa, wala simba. Risasi sikuzifikiria kabisa. Rubani wa daftarini nilimwandikia kila balaa niliyoweza kuifikiria isipokuwa ile moja iliyokuwa ya kweli, kwamba nilikuwa naogopa.

Nilimsomea baba hesabu yote. Aliushika ukurasa kwa mikono miwili, akautazama kwa heshima ambayo haukustahili.

"Kwa hiyo ngamia wanashinda," akasema.

"Wanashinda, aabo. Haraka haraka haina baraka. Pengine mwakani."

"Ni wako," akajibu, akanirudishia daftari.

Rubani aliniuliza mara mbili tatu. Nilimwambia mwakani. Mwakani ulifika, naye akaacha kuja, na badala yake zikaja ndege nyingine zenye watu wa sare, ambao hawakuzungumza nami ila kuuliza petroli iko wapi. Mimi nilichuja kwa ngozi yangu laini na kuandika galoni. Mama alikuwa akisema afadhali mmoja wetu ana kazi isiyo na bunduki.

Kisha ikatoka amri ya vijiji. Kila mtu ahamie ndani ya ua wa waya na miiba, ahesabiwe asubuhi na jioni, na mifugo ichungwe karibu. Karibu kulikuwa na majani ya mwezi mmoja. Mwezi ukaisha. Mbuzi walianza kula maboksi, ngamia wakawa mbavu tupu, na maziwa kwenye kibuyu cha mama yakafika nusu, kisha robo. Baba akawapeleka ngamia mbali, kwenye malisho yaliyokatazwa. Alijua yamekatazwa. Hakuna aliyemlaumu, maana kuwaacha wafe ndani ya amri na kuwapoteza nje ya amri kulikuwa kifo kilekile, tofauti ni majani.

Siku ya saba tangu aondoke, asubuhi, nilijaza ndege moja. Sikumbuki lolote la pekee juu yake, na hilo linaniuma kuliko yote. Nilipiga pampu, nikachuja, nikaandika, mtu akatia sahihi bila kunitazama. Iliruka, ikaelekea upande wa malisho.

Baba alirudi baada ya siku mbili, kwa miguu, na kengele ya mti mkononi. Aliketi nje ya kibanda chetu, mama akamletea maji, hakuyanywa. Alitusimulia kwa ufupi. Ndege ilipita juu yao mara mbili, ikainamisha bawa. Kesho yake adhuhuri malori yakaja. Alimkimbilia mkubwa wa askari, akamwomba kwa Kiswahili chake chote. Hata alipotusimulia, maneno hayo aliyasema kwa Kiswahili, vilevile alivyoyasema kule:

"Afande, hii ngamia si ya shifta. Hii ya kijana yangu. Kijana yangu nafanya kazi ya serikali, nabiga bambu ya betroli ya ndege."

"Basi mzee," yule askari akamjibu, "ndege hiyohiyo ndiyo iliyowaona."

Wakawapiga risasi wote. Ajuza wangu alikuwa wa mwisho kuanguka, baba alisema, kwa sababu alikuwa amelala na hakuona sababu ya kusimama.

Nililia mbele ya wazazi wangu, mtu mzima wa miaka ishirini na miwili. Sikuwalilia ngamia peke yao. Mali yetu ilikuwa na daftari, na ilipotea na habari zake zote: nilijua galoni ngapi, saa ngapi, na ni mkono wa nani uliochuja.

Niliendelea na kazi. Mtu akitaka kuniuliza niliwezaje, nitamuuliza yeye angelisha mama yake nini. Mshahara wangu sasa ulinunua unga wa mahindi na majani ya chai, tukanywa chai kavu, sisi ambao hatukuwa tumeijua chai isiyo na maziwa. Baba hakuwa na la kufanya. Mchungaji asiye na mnyama ni mtu wa kukaa. Alikaa karibu na waya, na ndege ilipopita aliuliza, bila kunigeukia:

"Huyo analipwa kiasi gani?"

"Mia nane, aabo. Pengine elfu sasa."

"Ngamia watano."

"Watano."

Alitikisa kichwa, kama mtu aliyeambiwa bei ya bidhaa asiyoweza kuinunua. Aliuliza hivyo siku nyingi. Nani aliyeijaza ndege ile, hilo hakuliuliza kamwe.

Jioni moja sikuweza kuvumilia tena. Tulikuwa tumekwisha kuhesabiwa, mama anapepeta unga wenye wadudu. Nikamwambia baba kwamba ile hesabu haikuwa hesabu. Nikamwambia nilitapika. Kwamba niliogopa kufa kule juu, nikaona haya kusema, nikajificha nyuma ya ngamia wake. Majuto ni mjukuu, nilisema, na wangu amekuja na kukaa. Nilitaka anipige. Nilikuwa nimemwekea fimbo karibu.

Baba aliigusa ile kengele, ambayo tangu siku ile ilining'inia kwenye mti wa ua.

"Nilijua, aabo," akasema. "Mama yako aliifua kofia mara tatu. Harufu haikutoka."

Mama aliendelea kupepeta, hakuinua macho. Kumbe wote wawili walijua tangu mwanzo, hata siku ile nilipomsomea baba ukurasa mzima wa uongo kwa sauti ya mwalimu, naye akaushika kwa mikono miwili.

"Sasa kwa nini hukunilazimisha?" Nilikuwa napiga kelele. "Kwa nini hukuwauza tu?"

Alinitazama kwa mshangao wa kweli, kana kwamba shule ilikuwa imenisahaulisha jambo ambalo kila mtoto analijua.

"Ningewauza vipi?" akasema. "Walikuwa wako."

Mama akamaliza kupepeta, akawasha moto, tukala ugali bila maziwa.