Sailensa ya Mjomba

Mume wangu ana gari ambalo umri wake hapendi uulizwe. Asubuhi hulipigia stata mpaka jirani zetu wa Bigwa waamke, na likikubali kuwaka hutetemeka kama mgonjwa wa malaria. Ukikanyaga mafuta linatulia. Ukiondoa mguu linakohoa, linazima. Mngurumo huo wa gari lililosimama mafundi huuita sailensa, na sailensa ya gari letu ilikuwa mbovu tangu masika yaanze. Yeye alisema ni unyevu wa milimani. Kila kitu kibovu nyumbani kwetu ni unyevu wa milimani.

Jumamosi moja tulitakiwa Mlali. Binti wa dada yake alikuwa anapokelewa mahari, na kwa Waluguru siku hiyo ni ya mjomba. Mtoto ni wa ukoo wa mama, kwa hiyo mjomba mkubwa ndiye anayewajibu washenga. Baba mzazi hukaa pembeni akatikisa kichwa. Isitoshe, binti huyo tumemlea sisi tangu darasa la kwanza. Jana yake alimpigia simu mjomba wake akamwomba jambo moja tu: asichelewe.

Kuamka hakuchelewa, hilo nampa. Alipiga stata, gari likawaka, likatetemeka, likazima. Akafungua boneti.

Sijui mitaa mingine, ila mtaani kwetu boneti ikiinuliwa wanaume hujaa kuliko wanavyojaa kwenye sala za jumuiya. Wa kwanza kufika alikuwa mwalimu mstaafu wa nyumba ya pili. Baada ya kuulizana habari za nyumbani na za mahindi, aliinamisha sikio akatoa hukumu.

"Hizo plagi."

Plagi zikafunguliwa, zikapigwa brashi, zikarudishwa. Gari likatetemeka vilevile. Akaja jirani aliyewahi kuendesha lori la mkonge, ambaye na mwalimu hawakubaliani hata kwamba leo ni Jumamosi.

"Pampu ya mafuta hiyo, mwalimu. Plagi ungeziacha tu."

Wakafungua filta, wakapuliza bomba la mafuta kwa midomo, wakatema petroli kwenye mchicha wangu. Kila dawa ilipogoma walizidi kuchangamka. Nilipita mara kadhaa nikiwa nimeshavaa kitenge changu kipya, hakuna aliyeinua kichwa.

"Baba, tuchukue bodaboda," nilimwambia mume wangu. "Gari utalikuta."

Alinitazama kama nimemwambia aende pekupeku. "Mjomba mzima nifike kwenye mahari nimepanda mishikaki, watu watatu pikipiki moja? Dakika tano tu, mama."

Dakika tano za mwanamume aliyeinama kwenye injini hazina mwisho. Nilipanda bodaboda peke yangu, nikiwa na hasira ambazo zingeliwasha lile gari bila stata.

Mlali nilikuta washenga wameshakaa. Tukangoja. Soda zikaisha, hadithi za mvua nazo zikaisha. Binti alikuwa chumba cha ndani, amefunikwa kanga, na kila gari liliposikika barabarani alinitazama mimi. Nilipompigia mume wangu simu aliniambia kwa furaha kwamba sasa wamehamia upande wa hewa. Nikamwambia binti kwamba mjomba wake yuko njiani.

Mawingu yakashuka mlimani na washenga wakaanza kuitazama njia ya kurudi. Ndipo bibi mkubwa wa ukoo aliposema ngojangoja huumiza matumbo, akamnyanyua mdogo wa mume wangu, mtu ambaye kwetu husemwa hawezi kutumwa hata chumvi. Akasimama. Akamwita binti mbele, akamuuliza kwa upole kama anawafahamu wageni hawa, kisha akawajibu washenga taratibu, bila kukosea neno. Nilimwonea uchungu mume wangu, halafu nikakumbuka kwamba hakuna aliyemfunga kamba kwenye lile gari.

Alifika watu wakiongezwa wali. Ugonjwa alikuwa ameupata mwenyewe, simnyimi haki yake. Mpira mdogo wa hewa nyuma ya injini ulikuwa umepasuka, unavuta upepo ambao haukutakiwa, naye aliusikia ukipiga mluzi mara tu washauri wake walipoondoka kwenda kula. Aliufunga kwa kipande cha tyubu ya baiskeli. Sasa akasimamisha gari katikati ya uwanja, akashuka na kuliacha likinguruma, shati jeupe, mikono myeusi hadi viwikoni.

"Sikilizeni hiyo sailensa," akasema.

Kwa kweli lilikuwa limetulia. Wachache waligeuka, wakarudi kwenye sahani zao. Binti akatoka ndani na birika la maji na beseni, akapiga goti.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Washenga wako wapi? Waambie tuanze."

"Tumeshamaliza, mjomba," alisema, na sauti yake haikuwa na ugomvi wowote. "Mjomba mdogo amenisemea. Karibu unawe, chakula chako nimekuwekea."

Mume wangu aliingiza mkono dirishani akazima gari. Kisha akaja, akakinga mikono yake kama wageni wengine, binti akammiminia maji.